Ukifika kwa Feza, Kula Kwanza

Mama yako mkubwa Feza ameita kijiji kizima wakalime ng'ambo ya kijito! Ng'ambo, mwanangu, kulekule kwenye vile vitu vya vita! Amenipigia simu leo asubuhi, sijamaliza hata kupanga meza yangu hapa sokoni Warwick, sombe yangu ya majani ya mihogo bado iko ndani ya ndoo, na ananiambia kwa sauti ya furaha kama mtu aliyenunua sufuria mpya. Siku imeshapangwa. Mahindi ya munkoyo, ya kunywesha watu wakishalima, ameshayatenga.

Sasa ndiyo nakusalimu, Vumilia wangu. Salamu imekuja nyuma kama mkia wa mbuzi, unisamehe. Mimi mzima, naandikia tu juu ya paja, ndiyo maana maandishi yamelala upande. Najua wewe uko Berea unaaga wenzako wa shule. Cheka nao. Barua hii utaikuta ndani ya mkoba wako kesho, basi likishapita Pietermaritzburg na wewe ukitafuta ile mikate niliyokufungia.

Nyumbani siwezi kukuambia, kwa sababu ya Papa wako. Unajua amekubali jana tu uende Kongo. Akisikia habari hii ya Feza atafunga mlango, ufunguo atautia mfukoni na kwenda nao kazini Mobeni, na hata nikipiga kelele mpaka walinzi wenzake wanisikie hatarudi. Nitamwambia wewe ukiwa njiani. Atanigombeza. Nimezoea.

Habari za soksi, za dawa ya malaria, za kutolala dirisha wazi, siandiki. Umekaa na mimi miaka yote hii, hizo nyimbo unazijua mpaka kiitikio. Nataka kukuambia mambo mengine, na wino wenyewe wa kalamu hii nimeazima kwa MaNgubane.

MaNgubane ndiye shahidi wangu kwamba nimejisifu wiki nzima. Yeye na dawa zake za mizizi, mimi na sombe yangu, meza kwa meza, kila mtu anayesimama kununua lazima asikie. Siku ile ulipopita kunisaidia kubeba magunia, si unakumbuka? Nilikuwa nimeshamwambia: "Huyu mtoto wangu anakwenda Kongo kutoa mabomu ardhini."

Akakutazama juu mpaka chini. "Hawu, Ma-Congo! Huyu huyu mwembamba?"

"Mwembamba ndiyo. Lakini bomu likimwona linatulia."

Wewe ukaona haya, ukasema, "Mama, mimi sitoi mabomu. Wanaotoa wamefundishwa miezi na miezi. Mimi nitakuwa nazungumza na watu wa vijiji tu."

Nikasema sawa, sawa. Ulipogeuka nikamnong'oneza MaNgubane, "Mnyenyekevu. Anaficha." Akacheka mpaka akashika mbavu.

Kama ningeishia Warwick, isingekuwa na neno. Watu wa hapa wananijua, wanakata nusu ya maneno yangu na kuchukua nusu iliyobaki. Lakini mwezi uliopita nilimpigia yaya Feza, dada yangu mkubwa, na kwa Feza hakuna anayenikata nusu. Kwake mimi ndiye mdogo aliyefika Afrika ya Kusini. Nilimwambia mtoto wangu amepewa kazi na wazungu, anakuja kama shefu, mkubwa wa kazi ya mabomu. Nilimwambia ana mashine. Nilimwambia, na hapa niandike kama nilivyosema, "Vumilia akifika, wiki moja tu, ng'ambo kutakuwa safi kama meza."

Nikadhani mtandao umekata. Kumbe Feza alikuwa analia.

Na leo asubuhi ndiyo ananiambia: "Mudogo wangu, nimeita watu. Kwa nini tungojee? Mutoto atafika mwisho wa mwezi, atapitisha mashine yake, na sisi Jumamosi inayofuata tunaingia na majembe. Mvua haingojei mutu."

Umeelewa sasa? Watu wanaingia kwenye lile shamba kwa neno langu mimi. Nilikaa juu ya kreti ya nyanya, mteja ananiuliza sombe, mimi namtazama tu kama sijui lugha.

Nataka ujue ng'ambo ni nini, maana uliondoka kule ukiwa darasa la tatu na mambo mengi tulikuficha. Mimi mwenyewe nilikuambia kuna chui. Akina mama wote tuliwaambia watoto kuna chui, tukaona tumefanya akili. Wewe ulimwogopa mpaka ukawa unamwota. Halafu hapa Durban, ukiwa msichana mkubwa mwenye simu yake, ukaniuliza jikoni, "Mama, yule chui wa ng'ambo alikufa?" Nikacheka, ukacheka. Baadaye sikucheka tena. Nikawaza watoto waliobaki kule, walioambiwa chui yuleyule. Mtoto akifika umri wa kutaka kuona chui, utamzuia na nini? Usimwambie mtoto wa mtu uongo ili aogope. Mwambie jina la kitu chenyewe, na umwambie kinafanya nini.

Ng'ambo ilikuwa shamba la babu yako. Udongo mweusi, ukichoma kidole kinaingia. Vita vilipokuja, askari wakalala pale msimu mzima, wakachimba mashimo, wakaondoka. Sisi tulikuwa tumekimbilia milimani. Tuliporudi tukakuta ng'ombe wa jirani amekufa katikati ya shamba, hana mguu. Tukajua. Hakuna aliyetangaza. Watu waliacha tu kuvuka.

Sasa sikiliza hili, hili hujawahi kusikia. Amani iliposainiwa, likaja gari jeupe. Wakashuka vijana wawili na dada mmoja, karatasi mkononi, viatu vizuri. Wakaenda moja kwa moja kwa baba yako mkubwa Lukasi, mume wa Feza, kwa sababu ndiye alikuwa mkubwa wa ile sehemu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nanyonyoa kuku wao, maana gari lilipoonekana tu kilimani Feza alishika jogoo. Nilisikia kila neno.

Yule dada akauliza, "Mzee, hapa kuna shida yoyote ya mabomu?"

Lukasi akasema, "Hapana, mwanangu, tunamshukuru Mungu, hakuna shida. Karibuni mukae."

Mwanangu, angesema nini? Kwetu mgeni haambiwi habari mbaya kabla hajanawa mikono mara ya pili. Mara ya kwanza ananawa ili ale, mara ya pili amekwisha kula. Hapo ndipo mnaambiana ya kweli. Bibi yangu alipofariki, kaka yetu alikuja kutoka Kalemie. Aliona vichwa vyetu vimenyolewa. Aliona moto mkubwa uani. Aliulizwa habari za njia, akajibu nzuri. Akaletewa bugali na samaki, akala mpaka akamaliza, machozi yanamtoka anakula. Akanawa. Ndipo mjomba akamwambia, na yeye ndipo akaanguka chini akalia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Lukasi alikuwa amepanga kila kitu. Wakishakula atawapeleka mpaka ukingo wa kijito, awaonyeshe pale ng'ombe alipofia, pale askari walipochimba, na njia waliyokuwa wanapita wenyewe. Alikuwa anajua yote, alikuwa amewatazama askari kutoka mlimani. Lakini yule dada akaandika kwenye karatasi yake, akasema asante sana mzee, wakapanda gari. Vumbi. Mimi natokea na kuku nusu ana manyoya nusu hana, Lukasi amesimama uani mikono imeshuka. "Wageni gani hawa," alisema, "hawali?"

Siwalaumu wale vijana, usidhani. Walikuwa na vijiji vingi mbele yao na jua linazama. Nao waliuliza swali zuri, wakajibiwa kwa heshima, wakaamini. Hakuna aliyesema uongo pale. Lakini kiangazi kilichofuata nyumba ya Lukasi ilivuja, majani mazuri ya kuezeka yalikuwa yamebaki ng'ambo tu, na akasema atachukua ya pembeni, ya ukingoni kabisa.

Tulisikia mlio tukiwa mtoni tunaloweka mihogo. Wanaume wakakimbia mpaka ukingo, na hapo ukingoni wakasimama. Lukasi alikuwa anaita. Wakasimama, mwanangu, wanaume wenye nguvu, kila mmoja anatazama miguu yake. Feza akaja, akatuita sisi wanawake tumshikie khanga asijikwae, akaifunga juu ya magoti. Kilikuwa kiangazi, vumbi lilikuwa limeshika nyayo za mume wake vizuri kama chapa kwenye unga. Akavuka. Aliweka mguu ndani ya kila unyayo, mmoja mmoja, mpaka akamfikia. Akambeba mgongoni. Akarudi kwa nyayo zilezile. Lukasi hakuliona jua la jioni.

Papa wako alikuwa mmoja wa wale waliosimama ukingoni. Sijakuandikia ili umhukumu. Nimekuandikia ili ujue kwa nini alinuna majuma yote haya, kwa nini ulimwita mezani akajibu ukuta. Jana alirudi kutoka Mobeni, akala, akanawa mikono, akafuta, akakunja kitambaa vizuri. Nikajua anataka kusema.

"Aende," akasema.

Mimi nikapiga kigelegele, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Mwambie kule mutu hakimbii. Hata akisikia mulio, hata akiitwa na mutu anayelia. Anasimama pale alipo, anaita kwa sauti, anangoja. Mwambie hivyo kutoka kwangu."

"Si umwambie mwenyewe?"

"Mwambie wewe," akasema, akaenda kulala na viatu. Basi nimekuambia. Kesho atakubebea sanduku mpaka kituoni na atazungumza habari za bei ya tiketi na robot ya kuongozea magari iliyoharibika pale kona. Usimsumbue. Mshike mkono tu.

Baada ya msiba wa Lukasi, sisi tumeshaondoka, walikuja wengine, hawa walijua kazi. Walisimika miti mifupi yenye kichwa chekundu pande zote za shamba, wakafunga utepe, wakafundisha watoto nyimbo za kukaa mbali na mabomu. Kisha wakaondoka. Walisema watarudi, na nadhani walitaka kurudi. Mchwa wakala miti. Utepe Feza aliufungia banda la kuku. Na yeye, tangu siku ile ya nyayo, huvuka kwa mstari uleule kuchukua kuni, miaka yote hii, na hakuna kilichompata. Ndiyo sababu watu wanamwamini kuliko karatasi yoyote. Wanasema, Mama Feza anapita. Wanasema mbuzi wanapita. Wanasema mvua imeviozesha vile vitu. Na wanasema, hili ndilo usilisahau, kwamba upande huu udongo umechoka na mihogo inaoza ndani ya ardhi kabla hujaichimba, na watoto wana nywele nyekundu za njaa, na ng'ambo majani yamepita kichwa cha mtu.

Ukitaka kujua mahali pabaya pa kijiji chochote, mwanangu, usitafute alama. Tafuta majani marefu karibu na watu wenye njaa. Uulize wanawake kuni wanaokota wapi na wapi hawaokoti. Lakini usiulize ukiwa umesimama.

Nakuambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa upande wa wanaoulizwa. Unakumbuka mahema, mwaka ule watu wa mtaa walipotufukuza kwa kuwa wageni na tukalala uwanjani. Walipita watu wema, shati za rangi moja, wanauliza hema kwa hema, "Mama, uko sawa?" Na mimi, wewe uko nyuma yangu juu ya kadibodi una homa siku ya pili, nikajibu, "Sharp, sharp, niko sawa." Nikatabasamu kabisa! Nikapokea blanketi. Wakapita. Sijui nilikuwa nalinda nini. Nadhani nililinda jina langu, maana lilikuwa kitu pekee nilichotoka nacho ndani ya ile nyumba. Mtu amesimama juu yako na kalamu, wewe umekaa chini na mtoto mgonjwa, unataka angalau akuone una adabu.

Mchana akaja MaNgubane. Alitutafuta mahema yote akiita Ma-Congo, Ma-Congo. Hakuniuliza kama niko sawa. Aliona haya mwenyewe, kwa sababu waliotufukuza walikuwa watu wa lugha yake. Alikaa chini kwenye nyasi, akavua viatu, akaanza kulalamika juu ya magoti yake na juu ya mkwe wake asiyefua. Akatoa mkate, akakata, akala na yeye. Tulikula. Kisha nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Mtoto wangu ana moto, tangu jana hajakojoa." Hata sikukusudia. Akainuka bila viatu, akaenda, akarudi amemshika muuguzi mkono kama anayemkamata mwizi.

Basi ukifika kwa Feza, kula kwanza. Wenzako wa biro, wale wa ofisini, watakuwa na haraka, gari litakuwa linanguruma. Waambie wazime. Mzee wa pale atakuambia hakuna shida, tunamshukuru Mungu. Itikia. Mshukuru na wewe Mungu. Ukae. Lalamikia magoti yako, hata kama una miaka ishirini na moja. Nawa, ule, unawe tena. Na hapo ukinyamaza kidogo watakuonyesha mpaka shimo la panya.

Sasa nimalizie habari ya simu, kwa maana sikukaa juu ya ile kreti siku nzima.

Nilifikiri nimwambie Feza aahirishe. Nikajua hawezi. Ukishaita watu kwa jembe na munkoyo, kuwarudisha ni kama kuwaambia huna chakula, na Feza tangu awe mjane hajakubali mtu yeyote amwambie hivyo. Tena nikimwambia subiri, atauliza kwa nini, si shefu anakuja? Kwa hiyo ilibaki kitu kimoja, na Vumilia, wewe unanijua, ningeona nafuu kula sahani. Nilimpigia tena. MaNgubane akaniangalizia meza.

"Yaya," nikasema, "Vumilia si shefu."

"Eh?"

"Si shefu. Hana mashine. Ni mutoto amepata kazi yake ya kwanza. Atazungumza na watu tu, aandike, awaambie wakubwa wake. Wakubwa watakuja kuangalia. Kisha wale wanaotoa watakuja, sijui lini, na wakija wanakwenda kidogo kidogo, kwa magoti, kipande kama mukeka kwa siku. Inaweza kupita mvua mbili. Inaweza kupita zaidi."

Nikasikia kuku wake kwenye simu.

"Sasa ulisema vile kwa nini?"

"Nilifurahi," nikasema.

"Ulifurahi." Akavuta pumzi. "Na tukingoja hiyo mazungumuzo, mudogo wangu, tutakula nini? Munazungumuza, munaandika, munakwenda. Mimi nimemubeba mutu kwa huu mugongo wangu. Unadhani siogopi? Lakini njaa iko leo. Bomu pengine iko, pengine haiko. Njaa iko."

Hapo, mwanangu, niliacha habari za mabomu. Nilifikiri juu ya kiwanja changu. Kile cha karibu na kanisa, baba alichoniachia mimi, upande huu, upande salama. Umekisikia miaka yote. Kila mtu Durban amekisikia. Nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati ya buluu, baraza ya kuketi jioni ili wote wanaopita kwenda misa waone Mama Vumilia alikwenda mbali na hakurudi mikono mitupu. Nilishachora mpaka madirisha nyuma ya kalenda ya duka la simu. Feza mwenyewe ndiye amekuwa akikilinda mbuzi wasichimbe. Udongo wake umepumzika tangu tuondoke.

Nikamwambia, "Wakuje na majembe yao. Walime kiwanja changu."

"Cha nyumba?"

"Cha nyumba. Chote. Mupande mihogo ile mipya isiyougua, mutoto atauliza mbegu zake Kalemie."

Halafu dada yangu, ambaye hajawahi kunisifu tangu tumbo la mama, akasema, "Ile baraza ingekuwa muzuri." Tukalia wote wawili, na dakika za simu zinakwenda.

Alikubali, lakini nikuambie alivyokubali, usije ukafika na matumaini ya bure. Kiwanja ni kidogo. Kitalisha nyumba chache, msimu mmoja. Kuna vijana wamesema watavuka hata Feza asipokwenda, wameshagawana ng'ambo kwa macho. Feza amesema atawaleta wote siku ile kwenye kiwanja, kwa munkoyo, kwa nguvu, kwa matusi ikibidi. Lakini kusema nao, hapana. "Nilivuka mimi mwenyewe," amesema, "nitawaambia nini? Wanione mimi ninavyopita kila wiki halafu niwaambie musipite? Aje yule anayezungumuza."

Ni wewe huyo. Nimewaza jinsi ulivyosema siku ile hapa mezani, "nitakuwa nazungumza na watu tu", na mimi nikaona haya kwa niaba yako, nikaongeza mashine. Nisamehe.

Kwa hiyo ukifika Lubumbashi mwambie mkubwa wako haya yote kabla ya kitu kingine. Msomee barua hii kama inafaa, hata pale ninapojisifu. Usiende peke yako. Usivuke kijito, hata Feza akikushika mkono na kukuonyesha mstari wake. Hasa akikushika mkono. Yeye umwambie mapema, mkiwa wawili jikoni, aache huo mstari mbele ya macho ya watu. Ni wewe tu anaweza kukusikia, maana una uso wa mama yetu.

Na watu wakikuuliza lini ng'ambo itakuwa safi, useme hujui. Watakunung'unikia. Watasema, mama yako alituahidi wiki moja. Sema ndiyo, aliahidi, alifurahi, na hakuwa na haki. Mimi niko huku mbali, jina langu litavumilia. Usiwaahidi kitu chochote ili wakupende. Wape kile unachokijua, na wakikuuliza usichokijua, kaa nao ndani ya huo ujinga, usikimbilie gari.

Naona MaNgubane anafunga meza yake na anataka kalamu. Anasema nikuambie usikonde zaidi ya hapo. Nimemwambia leo kwamba hutoi mabomu, kwamba kazi yako ni kuketi na watu. Akasema, "Nilijua. Ulipoanza kusema mashine, nilijua." Halafu akaniambia kuketi na watu ni kazi ngumu kuliko ya mashine, na mimi, badala ya kubishana, nikamwambia wateja watatu waliofuata: mtoto wangu anakwenda Kongo kuketi na watu. Mmoja alisema eish. Nilijivuna kama kawaida, usiogope, mama yako hajafa.

Nakupenda, Vumilia. Nakuweka mikononi mwa Mungu na mikononi mwa dada yangu, na sijui ni yupi mkali zaidi. Feza ameniahidi kuwashika watu mpaka uje useme nao, hatavusha mtu, na hatashika siku moja zaidi ya hapo. Ni Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, kwenye kiwanja changu karibu na kanisa. Watakuja wote.